Sura ya Nne: Kosa Lisilopiga Kelele

Mwanzoni mwa Oktoba 2020, wakati Uingereza ikipambana na wimbi la pili la UVIKO-19, idara ya afya ya umma ya England ilitangaza kwamba wagonjwa 15,841 hawakuwa wameingia kwenye takwimu za kila siku. Walipaswa kuhesabiwa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Wenyewe walikuwa wameshapewa majibu yao. Kilichokwama ni taarifa zao kuwafikia wafuatiliaji, wale ambao kazi yao ilikuwa kuwapigia simu waliokutana na mgonjwa ili wajitenge kabla hawajaambukiza wengine.

Chanzo kilikuwa faili. Maabara zilituma matokeo katika faili za maandishi matupu, ambazo hazina kikomo cha urefu. Zilipopokelewa, zilihamishiwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao laha yake moja haipokei zaidi ya mistari 65,536. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, hivyo laha ilijaa baada ya wagonjwa wapatao 1,400, na waliofuata wakaachwa nje. Faili iliendelea kufunguka vizuri na jumla ikaendelea kutoka. Hakuna aliyeona dalili yoyote kwamba kuna watu wamepotea.

Makosa ya lahajedwali yana tabia hiyo. Gari likiharibika hunguruma vibaya au huzimika. Fomula ikiharibika hutoa namba safi, yenye koma na desimali mahali pake, nayo huingia kwenye ripoti na kusomwa mbele ya kikao kana kwamba ni kweli. Sura hii inahusu jinsi ya kumsaidia mtu asiye mtaalamu wa kompyuta kulikamata kosa la namna hiyo mapema. Hoja yangu ni moja: tumewafundisha watu wengi kuandika fomula na tumewafundisha wachache mno kuzijaribu, ilhali jedwali huaminika kwa kujaribiwa.

Kila anayeandika fomula anaandika programu

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuuzwa kwa wingi kwa ajili ya kompyuta ndogo. Bricklin alikuwa akisoma biashara Chuo Kikuu cha Harvard, na wazo lilimjia darasani. Mwalimu akichora jedwali ubaoni, namba moja ikibadilika ilimbidi afute na kuandika upya kila namba iliyoitegemea. VisiCalc ilizifanya namba hizo zijirekebishe zenyewe. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983 na Excel mwaka 1985.

Uwezo uliofunguliwa siku zile ni mkubwa kuliko tunavyoukumbuka. Kwa mara ya kwanza mhasibu aliweza kuiamrisha kompyuta bila kumsubiri mtaalamu. Aliandika mwenyewe: chukua namba hii, zidisha kwa ile, jibu likizidi kiwango fulani fanya hivi, lisipozidi fanya vile. Mpangilio wa amri kama huo ni programu, hata kama aliyeuandika hajawahi kujiita mtengeneza programu.

Watu hao ni wengi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walikadiria kwamba kufikia 2012 Marekani ingekuwa na watu zaidi ya milioni 55 wanaotumia lahajedwali au hifadhidata kazini, huku watengeneza programu wa kitaaluma wakiwa chini ya milioni 3. Kwetu pia mambo yako hivyo. Mwalimu wa taaluma anayepanga nafasi za wanafunzi kwa wastani wa masomo, mweka hazina wa SACCOS, mhudumu wa zahanati anayejumlisha dawa zilizotoka na zilizobaki, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuatilia mali iliyo dukani na iliyo ghalani: wote wanaandika programu, na maisha ya watu wengine yanategemea programu hizo.

Watengeneza programu wa kitaaluma wana jambo wanalolijua tangu mwanzo wa mafunzo yao: programu iliyotoka tu mkononi ina makosa, na kazi ya kuyatafuta ni sehemu ya kazi yenyewe. Hawa wengine hawakuambiwa hivyo. Walifundishwa kujumlisha, kutafuta wastani na kuchora grafu, kisha wakapewa cheti.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leo daftari la wengi ni lahajedwali. Daftari la karatasi lilikuwa na ulinzi tuliouzoea kiasi cha kutouona. Aliyejumlisha kwa mkono alipita kwenye kila namba, na namba ya ajabu ilimsimamisha akauliza. Fomula hupita kwenye namba 300 kufumba na kufumbua, na hakuna hata moja inayoishtua. Ulinzi uliokuwa ndani ya uchovu wa mkono umeondoka pamoja na uchovu huo, kwa hiyo inatupasa tuurudishe kwa makusudi.

Uhakika bila ushahidi

Mwaka 1987 watafiti wawili wa kampuni ya IBM, Polly Brown na John Gould, waliwaita watumiaji 9 wenye uzoefu wa lahajedwali na kumpa kila mmoja majedwali matatu ya kutengeneza. Yalipatikana majedwali 27, na asilimia 44 kati yake yalikuwa na makosa. Hata hivyo, walioyatengeneza walikuwa na imani kubwa kwamba kazi yao ni sahihi. Walikuwa watu makini. Hawakuwa wazembe wala wageni wa kazi ile.

Ray Panko wa Chuo Kikuu cha Hawaii ametumia miaka mingi kuchunguza makosa haya, na anatukumbusha kwamba binadamu anapofanya kazi ya akili, iwe kuandika barua au kuandika programu, hukosea kidogo kidogo kwa kiwango ambacho hakiondoki kwa kukaza macho. Katika lahajedwali kiwango hicho huwa kati ya asilimia 1 na 5 ya fomula. Asilimia 1 inasikika kuwa ndogo, lakini tupige hesabu. Chukua jedwali lenye fomula 100 tofauti, na mwandishi ambaye kila fomula yake ina uwezekano wa asilimia 99 kuwa sahihi. Uwezekano wa fomula zote 100 kuwa sahihi kwa pamoja ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100, yaani kama asilimia 37. Kwa hiyo mtu hodari, anayekosea mara moja tu katika kila fomula 100, ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 60 wa kukabidhi jedwali lenye kosa angalau moja.

Hesabu hiyo inatuondolea aibu. Kukuta kosa kwenye jedwali la mtu si ushahidi kwamba hana akili au si mwaminifu, ila ni jambo la kutarajiwa. Kikundi kinachomwaibisha mweka hazina kwa kosa la fomula kinamfundisha kuficha makosa, na hapo ndipo hasara ya kweli huanzia.

Makosa yanakojificha

Makosa ya lahajedwali yana maficho yanayojirudia. Anayeyafahamu anajua pa kuanzia kutafuta.

Ficho la kwanza ni masafa mafupi, pale ambapo fomula ya jumla au wastani haifiki mstari wa mwisho. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti uliosema kwamba nchi tajiri ambazo deni la serikali limezidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Viongozi waliotaka kubana matumizi waliunukuu sana. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, alipata faili lao na kukuta kwamba fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, badala ya kufika wa 49. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Pamoja na walimu wake wawili alikokotoa upya na kupata asilimia 2.2. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, wala si fomula peke yake. Ila mjadala wa kuhoji hayo yote ulisubiri miaka mitatu mpaka mtu mmoja alipofungua faili na kutazama ndani.

Ficho la pili ni namba iliyogeuka kuwa maandishi. Mtu aliyezoea risiti ataandika 25,000/= ndani ya seli. Kwa macho ni shilingi elfu ishirini na tano. Kwa Excel hayo ni maneno, na fomula ya kujumlisha huruka maneno bila kusema lolote. Herufi O ikiandikwa mahali pa sifuri huleta balaa lile lile. Wanasayansi wa jeni walikutana na jambo hili upande wa pili: majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 yaligeuzwa na Excel kuwa tarehe za Septemba na Machi. Mwaka 2016 uchunguzi ulionyesha kwamba takriban moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za jeni katika faili za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya kuzipa jeni majina iliamua kubadilisha majina yenyewe.

Ficho la tatu ni kunakili na kubandika. Ripoti ambayo benki ya JPMorgan Chase ilitoa Januari 2013, baada ya kupoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara ya mikataba ya kifedha inayotegemea mikopo jijini London, ilieleza kwamba kipimo chake cha hatari kiliendeshwa kwa majedwali yaliyojazwa kwa mkono kwa kunakili na kubandika. Kosa mojawapo lilikuwa fomula iliyogawanya kwa jumla ya viwango viwili mahali ilipopaswa kugawanya kwa wastani wao. Hatari ikaonekana kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa.

Ficho la nne ni namba iliyoandikwa juu ya fomula. Siku moja jibu halikuridhisha, mtu akafuta fomula na kuandika namba kwa mkono ili ripoti itoke. Mwezi unaofuata kila kitu kinabadilika isipokuwa seli ile.

Somo kutoka Oregon

Kuna kundi la watafiti lililouliza swali tofauti. Wengine walihesabu makosa. Margaret Burnett, Gregg Rothermel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon waliuliza: je, mtu wa kawaida anaweza kupewa nidhamu ya kujaribu programu bila kwanza kugeuzwa kuwa mhandisi wa programu?

Waliunda mfumo wa majaribio ndani ya lahajedwali lao la utafiti. Kila seli yenye fomula ambayo haijajaribiwa ilizungushiwa mpaka mwekundu. Mtumiaji alipotazama jibu na kuona ni sahihi, aliweka alama ya vema. Alipoona si sahihi, aliweka alama ya mkasi. Kadiri alivyobadilisha namba za kuingiza na kuthibitisha majibu zaidi, mpaka uligeuka zambarau, kisha buluu. Juu ya jedwali kulikuwa na kipimo kilichoonyesha ni asilimia ngapi ya kazi imeshajaribiwa. Nyuma ya rangi hizo kompyuta ilikuwa ikifuatilia kwa nadharia nzito ni njia zipi za kila fomula zimepitiwa, lakini mtumiaji hakulazimika kuijua nadharia hiyo hata kidogo. Katika majaribio yao, watu waliotumia mfumo huo walijaribu majedwali kwa ufanisi zaidi kuliko wenzao wasiokuwa nao.

Naona mambo matatu katika kazi yao ambayo kila mkufunzi anapaswa kuyachukua.

La kwanza ni namna walivyomheshimu mtumiaji. Mtu anafungua lahajedwali ili amalize bajeti yake, hajaja kusomea uprogramu. Wakaweka kitu kidogo cha kumshangaza, mathalani rangi au alama ambayo hakuitegemea. Akitaka kujua, maelezo mafupi yalikuwa papo hapo. Akiyafuata, alipata faida aliyoiona kwa macho. Walipolinganisha njia za kumkatiza mtu kazini, walikuta kwamba ishara inayomsubiri hadi awe tayari humfundisha vizuri zaidi kuliko dirisha linaloruka usoni na kumlazimisha ajibu.

La pili ni ulinzi wa thamani. Mtumiaji aliweza kuiambia seli kwamba namba yake ni lazima iwe kati ya kiwango hiki na kile. Namba ikitoka nje ya uzio, seli ilizungushiwa duara jekundu. Ujuzi ambao mtu anao kichwani, kwamba alama za mtihani hazizidi 100 au kwamba umri hauwi hasi, uliingizwa ndani ya jedwali na kuwa mlinzi asiyelala.

La tatu linahusu kujiamini. Mwanafunzi wa Burnett, Laura Beckwith, aligundua kwamba wanawake wengi katika majaribio yao walijiamini kidogo mbele ya zana mpya na walisita kuzigusa, ijapokuwa katika kurekebisha makosa hawakuwa nyuma ya wanaume. Alama ya vema iliwataka watu waseme kwa uhakika "hii ni sahihi", na asiyejiamini aliiacha. Watafiti wakaongeza ngazi za kati: labda ni sahihi, labda si sahihi. Ukimruhusu mtu aseme "labda", unamruhusu aanze. Wakufunzi wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambako waweka hazina wengi ni wanawake walioingia kwenye kompyuta ukubwani, wanalihitaji somo hili kuliko orodha yoyote ya fomula.

Mazoezi kwa jedwali la mikopo

Mfumo wa Oregon haumo ndani ya Excel ya kawaida, lakini nidhamu yake inaingia popote. Tuchukue jedwali la mikopo la kikundi. Safu A ina majina, B ina kiasi cha mkopo, C ina idadi ya miezi. Kiwango cha riba, asilimia 5 kwa mwezi, kimeandikwa mara moja tu katika seli F1. Safu D inakokotoa riba na safu E inakokotoa jumla ya deni.

Kabla ya kuandika fomula yoyote, mwanafunzi achukue karatasi. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa miezi 3, riba ya asilimia 5 kila mwezi juu ya mkopo wa awali, ni ngapi? Asilimia 5 ya 300,000 ni 15,000. Mara 3 ni 45,000. Deni zima ni 345,000. Namba hizo ziandikwe pembeni kwa kalamu. Sasa aandike katika D2 fomula =B2*C2*F1 na katika E2 =B2+D2. Jibu la kompyuta likilingana na la karatasi, amepata ushahidi wake wa kwanza.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari ilipo. Aburute fomula hadi chini, kisha amwekee mwanachama wa pili mkopo ule ule na miezi ile ile. Deni litatoka 300,000, bila riba hata senti. Fomula ilipohamia mstari wa tatu, kila anwani ndani yake ilishuka hatua moja, na F1 ikawa F2, seli tupu ambayo Excel huihesabu kuwa sifuri. Mstari wa kwanza ulikuwa sahihi kabisa, na iliyobaki yote ni makosa. Asiyefanya jaribio la pili ataona safu ndefu ya madeni yanayofanana na madeni. Dawa ni kuandika $F$1, ambapo alama za dola huifunga anwani isihame. Mwanafunzi aliyekutana na kosa hili kwa jaribio lake mwenyewe ataelewa alama ya dola siku hiyo hiyo. Aliyeambiwa tu kwamba kuna kitu kinaitwa anwani iliyofungwa atasahau kabla ya chai.

Kutokana na hilo tunapata desturi ya majaribio. Jaribu mstari wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Jaribu mkopo wa sifuri, kwa kuwa yupo mwanachama asiyekopa. Jaribu mwezi 1 na idadi kubwa ya miezi mnayoiruhusu. Badilisha riba katika F1 kutoka 5 hadi 10 uone kama safu nzima ya D imeongezeka maradufu. Seli ya mwenye mkopo ambayo haikusogea huenda ina namba iliyoandikwa juu ya fomula. Kila jaribio liwe na jibu lililoandikwa kabla, kwa sababu macho yetu ni mepesi kukubaliana na namba iliyokwisha kutokea kwenye kioo.

Kisha tujenge uzio. Vikundi vingi vya hisa humruhusu mwanachama kununua hisa 1 hadi 5 kwa kikao. Sehemu ya uhakiki wa data katika Excel huweza kuambiwa hivyo, na anayeandika 50 badala ya 5 atasimamishwa mlangoni. Uzio huo huo ukiambiwa upokee namba tupu, utaikataa 25,000/= kabla haijageuka maneno ndani ya jumla.

Baadaye tuweke njia mbili za kufika kwenye jibu moja. Jumla ya michango ya kila mwanachama ikijumlishwa inapaswa kulingana na jumla ya michango ya kila mwezi ikijumlishwa. Seli moja ilinganishe hizo mbili na kuandika SAWA au KAGUA kwa herufi kubwa. Jumla hiyo ilinganishwe pia na fedha halisi iliyohesabiwa mezani au salio la simu. Hapo kosa linapata sauti ambayo halikuwa nayo.

Na kwa masafa mafupi, acha mstari mtupu uliopakwa rangi juu kidogo ya jumla, uuingize ndani ya fomula, na ukubaliane na kila mtu kwamba wanachama wapya huingizwa juu ya mstari huo. Kwa njia hiyo fomula inapanuka pamoja na kikundi.

Macho zaidi ya mawili

Jedwali lililojaribiwa na aliyeliandika bado lina upofu wa aliyeliandika. Panko alilijaribu jambo hili. Aliwapa watu jedwali lenye makosa yaliyopandikizwa, wakalikagua mmoja mmoja, seli kwa seli, na kukamata asilimia 63 ya makosa. Walipokagua kwa vikundi vya watu watatu, walikamata asilimia 83. Hata watatu hawakuyamaliza, lakini mafichoni yalibaki machache zaidi.

Jamii zetu zina mazoea mazuri ya kuanzia hapa. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na ambao umeenea hadi Afrika Mashariki, hutumia sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Hakuna anayetukanwa kwa kutopewa funguo zote. Fedha inahesabiwa mbele ya watu na kila mtu anakumbuka jumla. Kikundi hicho hicho kinapohamia kwenye kompyuta, mara nyingi funguo zote tatu hubaki mkononi mwa mtu mmoja mwenye laptopu. Utaratibu wa funguo tatu uhamie kwenye jedwali: mmoja aandike, wa pili ajaribu kwa namba alizochagua mwenyewe, wa tatu asome fomula kwa sauti. Excel ina njia ya kuonyesha fomula zote kwa mpigo badala ya majibu yake, na ukibofya mara mbili kwenye seli, utaona kwa rangi seli zote inazozitegemea. Asiyejua kuandika fomula anaweza kabisa kuona kwamba uzio wa rangi umeishia kwa mwanachama wa 20 wakati kikundi kina watu 25.

Namna ya kufundisha

Mafunzo mengi huanza na orodha: leo kujumlisha, kesho wastani, keshokutwa masharti. Napendekeza kuanza na jedwali lililokamilika lenye makosa matano yaliyopandikizwa, na swali moja: mkikabidhiwa jedwali hili leo, mtajuaje kama lina ukweli? Darasa litajifunza fomula likiwa njiani kutafuta jibu, na litajifunza kwamba kutafuta kosa ni kazi ya heshima.

Mkufunzi awe na mazoea ya kuuliza kabla ya kitufe cha Enter. Mazungumzo yaende hivi:

"Mwalimu, jibu limekuja."

"Vizuri, mama. Ulilitarajia ngapi?"

"Sikuwa nimepiga hesabu."

"Basi lifute kwanza. Tupige pamoja kwenye karatasi, halafu tuiulize kompyuta kama inakubaliana nasi."

Mpangilio huo unamrudishia mama mamlaka yake. Yeye ndiye anayejua kanuni za kikundi, ni nani amekopa na faini inatozwa lini. Kompyuta inajua kuzidisha tu. Anapotangulia kusema jibu, anaisimamia mashine. Anapongoja iseme yenyewe, inamsimamia yeye. Na akipata kosa, asifiwe mbele ya wenzake, maana ameokoa fedha ya watu.

Majaribio yenyewe yasitupwe. Ndani ya faili iwepo laha moja iitwayo Majaribio, yenye safu tatu: nilichoingiza, jibu nililotarajia, jibu lililotoka. Kila fomula inapoguswa, majaribio yale yarudiwe. Mweka hazina anapomaliza zamu yake akabidhi jedwali pamoja na laha hiyo, na anayepokea asitie saini mpaka ayarudie yote kwa mkono wake, mbele ya kikundi, huku fedha ikihesabiwa mezani.